Karatasi hunywa maji: kutoka mifuko ya kaki hadi gauni la onyesho

Wanaotaka kuanza kazi ya karatasi huniuliza kwanza habari za gundi. Gundi gani, inauzwa wapi, shilingi ngapi. Jibu langu huwachosha. Kabla ya gundi, chukua karatasi unayotaka kuifanyia kazi, dondoshea tone la maji, kisha kaa uliangalie. Tone likisimama juu, ujue karatasi hiyo imepakwa kitu. Likizama na kutanda, ujue utapigana na maji tangu siku ya kwanza mpaka siku mteja atakapoitupa bidhaa yako. Mimi sikuanza na tone la maji, nilianza na mkopo.

Kazi yangu ya asili ni batiki na cherehani, huku Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, rambo zikatoweka sokoni, na kila mwenye genge akawa anatafuta kitu cha kufungia nyanya. Kenya walikuwa wameshapiga marufuku kama hiyo tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda mapema zaidi, mwaka 2008, kwa hiyo niliamini jambo hili limekuja kukaa. Nilichukua mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua marobota ya karatasi ya kaki kwa muuzaji wa jumla Kariakoo, na nikaweka wasichana wawili wa kunisaidia kukunja.

Kaki ni karatasi nzuri. Hutengenezwa zaidi kwa mbao za misonobari, ambazo nyuzi zake ni ndefu, na nyuzi ndefu zikishikana huwa ngumu kuachana. Ndiyo maana mifuko ya saruji hubeba kilo 50 bila kupasuka. Sisi hapa nchini tuna kiwanda Mgololo, Mufindi, kinachotengeneza karatasi za aina hiyo. Tatizo langu halikuwa karatasi. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo ili nibane gharama, na mende wa Mbagala wakaipenda kuliko mimi. Nilikuwa nikifungua robota la mifuko iliyokwisha kuandaliwa nakuta kitako kimetafunwa pembe zote. Ile iliyopona mende ilikutana na wateja wanaouza samaki. Kaki isiyopakwa kitu ikishalowa, kitako hakisubiri ufike nyumbani.

Halafu ikaja ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ya bei nafuu, inayobeba samaki na kurudishwa kesho yake kubebea mkaa. Biashara yangu ya mifuko ilikufa hapo. Nisipambe maneno: deni lilibaki, na kwenye vikao vya kikundi nilikuwa nakaa karibu na mlango. Mtu anayetaka kuanza mifuko ya kaki leo namshauri atafute wateja wa vitu vikavu tu, kama maduka ya nguo, maduka ya dawa, wauza mkate na wauza zawadi, na asikunje mfuko hata mmoja kabla ya kupata oda. Gundi atumie ile nyeupe ya maseremala. Ni ghali kidogo, ila mende hawaigusi.

Wakati huo huo nilikuwa nimejaribu kutumia mifuko ya saruji niliyookota kwenye ujenzi, maana ilikuwa bure. Karatasi yake kweli ni imara, lakini vumbi la saruji linachoma ngozi na kuingia kifuani. Vidole vyangu vilichubuka wiki nzima. Kama utaitumia, chukua tabaka la nje peke yake, likung'utwe nje ya nyumba, ukiwa umevaa glovu na barakoa, watoto wakiwa mbali.

Shanga za karatasi nilizipata kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Kwenye banda la Uganda kulikuwa na dada kutoka Kampala anayeuza mikufu, nikashika mmoja nikidhani ni udongo uliochomwa. Akaniambia ni kalenda ya mwaka jana. Kampala kina mama wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, hasa eneo la Acholi Quarter kule Kireka, wanakoishi waliokimbia vita vya kaskazini. Dada yule hakunificha kitu. Karatasi unaikata pembetatu ndefu nyembamba, unaanza kuizungushia kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, unapaka gundi sehemu ya mwisho, unachomoa, inakauka, ndipo unaitumbukiza kwenye vanishi. Ukitazama ni kazi ya mtoto.

Mzigo wangu wa kwanza wa shanga ulitoka na madoa, rangi zimechuruzika. Nilikuwa nimechapisha michoro yangu mwenyewe kwenye stesheneri ya jirani, kwa printa ya wino wa maji. Vanishi ilipopita juu, wino uliondoka nayo. Mabango, kalenda na majarida yaliyochapwa kwenye mitambo mikubwa hayana shida hiyo, na karatasi iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi pia ni salama, kwa sababu ule ni unga ulioyeyushwa kwa joto, si wino wa maji. Kipimo ni kidole kilicholowa. Sugua kwenye picha, kikitoka na rangi, achana nayo.

Gazeti nalo linadanganya. Ni laini, linazunguka vizuri, na lina ule urembo wa maandishi. Lakini karatasi ya gazeti hutokana na mti uliosagwa pamoja na ile gundi yake ya asili inayoshikanisha nyuzi, na jua likiipiga inageuka njano. Hereni za gazeti zilizokaa dirishani kwangu zilibadilika rangi kabla hazijapata mnunuzi.

Kisha vanishi. Hapa ndipo pesa yangu nyingi ilipozama. Nilikuwa napaka tabaka moja nene ili nimalize haraka. Juu panakauka, ndani bado ni mbichi, na kwa unyevu wa Pwani, wakati wa masika hasa, mbichi hiyo inaweza kubaki hivyo. Mteja mmoja alivaa mkufu wangu juu ya gauni jeupe kwenye kitchen party, ukabaki umenata na duara la kahawia shingoni. Nilimlipa gauni. Tangu hapo natumia tabaka nyembamba kadhaa, nazianika kivulini kwenye waya, shanga zisigusane, na naacha hata kama mteja anapiga simu. Ukiweza, panga kazi ya vanishi iwe kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi ukiwa unavuma na hewa ni kavu kidogo. Vyumba viwe wazi. Harufu ya vanishi na thina inaumiza kichwa, na kwa mjamzito haifai kabisa.

Kilichonibadilisha zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nililiona baada ya kuchana karatasi nyingi kwa hasira. Chana karatasi ya kaki kwa upande mmoja, inakwenda imenyooka. Igeuze uichane kwa upande wa pili, inakwenda ovyo, inakataa. Kiwandani karatasi hutoka kwenye mashine ikiwa inakimbia, na nyuzi nyingi hulala kuelekea kule inakokwenda. Fundi cherehani anapaswa kulijua hilo mapema, maana sisi tunajua kitambaa kina mtando na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na huwezi kukata tu unavyotaka, lakini mimi nilikuwa nikiiona karatasi kama kitu kisicho na upande.

Ukishaujua upande wa nyuzi, kazi mbili zinataka mambo mawili yanayopingana. Shanga zinataka karatasi ikubali kujikunja, kwa hiyo urefu wa pembetatu ukate nyuzi kati. Ukikata kwa kufuata nyuzi, shanga inakuwa kaidi, inajifumua kabla gundi haijashika. Lakini ukitaka utepe wa kusukia, unaotakiwa kuvutwa bila kukatika, basi urefu wake ufuate nyuzi.

Utepe wa kusukia nilijifunza kwa bibi yangu Bagamoyo, msukaji wa mikeka. Nilimpelekea tepe za kaki nilizokunja mara nne, nikamwomba anijaribie ukili.

"Hii ukindu gani huu usiotaka maji, mjukuu wangu?" akaniuliza.

Ukindu unalowekwa ili ulainike ndipo usukwe. Bibi alikuwa ameshaziweka tepe zangu kwenye ndoo kwa mazoea, na tulichotoa kilikuwa uji. Tulicheka, lakini swali lake lilinisumbua njia nzima ya kurudi Dar. Karatasi inataka kulainishwa bila kulowa.

Nyumbani nilikuwa na sufuria ya nta ya batiki. Nikachovya tepe moja, nikaibana katikati ya magazeti mawili na kuipitishia pasi ili nta ya ziada itoke. Ikatoka laini, imekolea rangi, na tone la maji likasimama juu yake. Nilidhani nimemaliza. Mkoba wa kwanza niliosuka kwa tepe hizo ulikuwa mzuri hadi uliponyeshewa. Maji yaliingia kwenye kila mkunjo. Nilikuwa nimetumia nta ya mishumaa peke yake, ile ya bei rahisi, na mtu yeyote wa batiki anajua tabia yake. Inapasuka. Kwenye batiki tunaitaka ipasuke ili itupe ile mishipa ya rangi. Kwenye mkoba kila mpasuko ni mlango wa maji. Nta ya nyuki haipasuki upesi, na nchi hii haina upungufu nayo, Tabora wanaiuza hadi nje. Sasa nachanganya, ya nyuki ikiwa nyingi kuliko ya mishumaa. Ukibadili kipimo hicho kwa kubana pesa utarudi nilikotoka. Na mwambie mteja wazi asiuache mkoba ndani ya gari lililofungwa juani, kwani nta ni nta.

Kuhusu gauni. Mwanafunzi wa ubunifu wa mitindo katika chuo kimoja hapa mjini aliona mikoba yangu, akataka nimshonee gauni zima la karatasi kwa ajili ya onyesho lao. Nilikubali kabla sijafikiri. Usiku huo nikaanza kusoma kwenye simu na nikagundua kwamba hakuna jipya. Wajapani wamevaa nguo za karatasi kwa karne nyingi, wanaziita kamiko. Huchukua karatasi ya nyuzi ndefu sana za mforsadi, huipaka wanga wa kiazi fulani chao, kisha huifikicha kwa mikono mpaka ilegee kama kitambaa. Watawa wa hekalu la Todai-ji mjini Nara huzivaa hadi leo katika ibada yao ya kila mwaka. Wana pia shifu, ambapo karatasi hukatwa nyembamba, husokotwa uzi, na uzi huo ukafumwa. Huko Marekani mwaka 1966 kampuni ya Scott Paper iliuza gauni za karatasi kwa dola 1.25 kama tangazo la bidhaa zake, zikanunuliwa kama nusu milioni. Ila ndani ya karatasi ile waliweka wavu wa nyuzi za kiwandani, na baada ya miaka michache watu walizichoka. Zilikuwa zikipauka, zikichanika, na moto ukizigusa ni hatari.

Nilichukua funzo la kufikicha. Kaki ukiikunjakunja na kuikunjua mara nyingi, nyuzi zinalegezana na karatasi inaanza kuanguka mwilini badala ya kusimama. Ifikiche ikiwa kavu au ina unyevu wa mbali tu wa chupa ya kupulizia. Mikono inauma, na hakuna njia ya mkato.

Cherehani nayo ina masharti yake. Nilishona upande wa kwanza kwa hatua fupi, kama ninavyoshona hariri, na kipande kikachomoka chote kwa mstari mmoja, mfano wa ukurasa wa kitabu cha risiti. Kila tundu la sindano ni jeraha ambalo karatasi haiponi, tofauti na kitambaa ambacho nyuzi husogea zikapisha. Hatua iwe ndefu kuliko zote cherehani yako inazoweza, sindano mpya, na chini ya mshono pitisha utepe wa kitambaa. Usifumue. Ukikosea, kata kipande kipya.

Kwapa sikulifikiria. Msichana aliyevaa gauni alikuwa na wasiwasi, taa za jukwaa zina joto, akatoka jasho. Upande wa kushoto ulianza kufunguka akiwa bado nyuma ya pazia. Nilimshonea kwa mkono akiwa amevaa, ananiambia "Mama, nisichomwe," na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Alipita jukwaani amebana mkono ubavuni, watu wakadhani ndiyo mwendo wake. Siku hizi kwapa, kiuno na kiti cha suruali naviwekea kitambaa cha marekani kilichotiwa rangi inayofanana, na ndani kote bitana ya pamba. Nilitoza shilingi laki moja na nusu kwa gauni lile. Nikijumlisha karatasi niliyoharibu na usiku niliokesha, nilimlipa yeye ili anivalie.

Kuna njia nyepesi ambayo ningeijua ningeokoa mengi. Geuza jinzi ya mtumba uangalie ile nembo ya nyuma, juu ya mfuko. Nyingi si ngozi. Ni karatasi nzito iliyochanganywa na aina ya mpira majimaji kiwandani, na imefuliwa mara ngapi sijui bila kuachia. Karatasi ya aina hiyo inauzwa pia kwa mita huko nje, na mikoba mingi inayotangazwa kuwa ya karatasi inayofulika imetoka humo. Ni nzuri, inashoneka kirahisi, lakini mteja anayetaka kitu kitakachooza shambani usimuuzie hiyo kwa jina la karatasi tupu.

Mtoto wa kaka yangu ni mtaalamu wa maabara katika zahanati moja Morogoro. Alikuja kutusalimia sikukuu ya Idi, akanikuta nachora michirizi ya nta kwenye karatasi nyeupe ili nipate shanga zenye mapambo ya kibatiki. Nilipomaliza nta nikatia rangi, rangi ikatanda na kusimama pale nta ilipo. Akaacha chai yake.

"Shangazi, unajua hiki unachofanya ndicho wanachofanya kule Harvard?"

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba mwaka 2007 kundi la profesa George Whitesides wa chuo kikuu hicho cha Marekani lilitengeneza karatasi yenye vijia vya kupimia sukari na protini kwenye mkojo. Unaichovya ncha, karatasi inakunywa, mkojo unapanda kwenye vijia hadi kwenye dawa, na rangi inabadilika. Hakuna pampu, hakuna umeme. Mwanzoni kuta za vijia waliziweka kwa kemikali za viwanda vya elektroniki. Baadaye ikaonekana nta inatosha: inachapwa juu ya karatasi, inapashwa moto, inazama hadi upande wa pili. Hilo la kuzama nililielewa kabla hajamaliza sentensi. Fundi wa batiki ambaye nta yake haijatokea upande wa pili wa kitambaa ataona rangi inapita chini kwa chini.

Akatoa kwenye mkoba wake kipimo cha malaria kilichopitwa na muda, akakivunja. Ndani ya plastiki kuna ukanda mwembamba tu. Tone la damu na matone ya maji yake yanawekwa upande mmoja, ukanda unakunywa, damu inatembea yenyewe hadi kwenye mistari. Ukanda wenyewe umetokana na selulosi, kitu kilekile kilichomo ndani ya pamba na mti. Akanikumbusha pia watoto wachanga wanaotobolewa kisigino na damu yao kukaushwa kwenye kadi yenye miduara ili ikapimwe virusi vya UKIMWI mbali na kijijini. Kadi ile ni karatasi. Miaka yote nilikuwa nikipigana na kiu ya karatasi, na hawa wenzangu wameiajiri.

Akanisimulia na la Uganda, ambalo nimelirudia kwa kila mtu. Mwaka 2013 Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alitembelea huko, akakuta mashine ya kuzungushia damu inatumika kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa hakuna umeme wa kuiendesha. Yeye na wenzake wakarudi kwenye kile kidude cha kifungo na uzi ambacho sisi sote tulicheza tukiwa wadogo, unavuta uzi kinavuma. Mwaka 2017 walionyesha cha karatasi, chenye gharama ya senti 20 za Marekani, kinachozunguka hadi mara 125,000 kwa dakika na kutenganisha damu kwa dakika moja na nusu. Kabla ya hapo, mwaka 2014, walikuwa wameshatoa hadubini ya kukunja kwa karatasi.

Kutokana na mazungumzo hayo nikaingia kwenye kazi ambayo sikuwahi kuiwazia. Mwalimu wa sayansi wa sekondari ya jirani alinikaribisha kwenye klabu yao. Tunachukua karatasi ya kuchujia, wanafunzi wanachora kuta kwa krayoni, tunapitisha pasi kavu juu ya gazeti ili nta izame, halafu katikati ya vijia tunaweka juisi ya rosela iliyochemshwa bila sukari na kuiacha ikauke. Limau likipanda, panabaki pekundu. Maji ya magadi yakipanda, panageuka bluu au kijani. Wanapiga kelele kila mara. Krayoni ziwe zile za nta halisi. Za bei ya chini sana zina chaki nyingi na hazizuii kitu. Pasi ishikwe na mtu mzima. Na kusiwe na damu, wala mkojo, wala mtu wa kuambiwa anaumwa au haumwi. Mzazi mmoja aliniuliza kama ninaweza kumpimia sukari kwa karatasi zangu. Nilimwambia aende zahanati, na nikamsindikiza.

Nauza pakiti hizo za shule sasa, karatasi, krayoni na rosela kavu, kwa shilingi elfu tano. Faida ni ndogo, lakini hazihitaji vanishi wala hazimtoi mtu jasho kwapani. Shanga ndizo zinazolipa kodi ya chumba cha kazi. Mikoba ya ukili wa karatasi naifanya kwa oda, bibi na wenzake wanasuka, mimi natia nta, malipo tunagawana kabla mkoba haujaondoka Bagamoyo. Deni la VICOBA lilikwisha, ingawa si kwa karatasi peke yake, cherehani ilisaidia. Oda za magauni nazipokea kuanzia Juni. Anayekuja Aprili akiwa na harusi, namshonea batiki.